Chakula cha Kusimama

Januari 7

Nimeapa. Mkono wa kulia juu, wa kushoto juu ya Biblia ya marehemu mama, nimevaa sketi niliyoinunua kwa ajili ya leo tu. Nje ni baridi ya kugandisha kope. Curtis alikaa kwenye roshani ya wageni na lile koti lake la zizini, akapiga makofi pale ambapo hakuna aliyepiga makofi. Kisha akarudi nyumbani, maana ng'ombe hawajali kwamba mke wake sasa ni mheshimiwa.

Kwa hiyo nimebaki peke yangu katika mji mkuu hadi Aprili, kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda kinacholia kila nikigeuka. Bunge letu la jimbo hukaa majira haya tu, tena mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Siku nyingine zote mimi ni msusi wa Selvig, mji wetu mdogo. Aliyenisukuma nigombee ni Arlys Brandvold, rafiki yangu, mwalimu wa piano. Aliniambia nikiwa namkata nywele: "LaVonne, malalamiko yote ya wilaya hii yanapita chini ya mkasi wako. Kayaseme basi mahali yatakaposikika." Na ndiye aliyenitaka niandike kila kitu humu, "kwa sababu ukirudi utatusimulia mazuri tu, nakujua."

Yeye hakuja kuniona nikiapa. Amelala. Kiti chake cha magurudumu, kile chenye mota, kiliwasha taa nyekundu kabla ya Krismasi kikazimika katikati ya jikoni na piano. Miguu ya Arlys ilikufa miaka mingi iliyopita kwa ugonjwa wa mishipa. Bila kile kiti yeye ni mtu wa kitandani. Kampuni imesema fundi atakuja. Bado.

Wabunge wa kwetu hatuna ofisi, tuna dawati tu ukumbini. Mtu wa kwanza kunikaribisha kwenye langu ni mzee mmoja mwenye mvi zilizokatwa na mtu anayejua kazi yake.

"Dada LaVonne, hilo lilikuwa dawati langu miaka kumi na miwili. Droo ya chini inakwama. Ipige teke upande wa kushoto."

Nikaipiga teke, ikafunguka. Anaitwa Wendell Krogh. Aliacha ubunge akawa mshawishi: vyama vya wafanyabiashara vinamlipa aje kutusemesha sisi, na kimojawapo ni chama cha wauza vifaa vya wagonjwa. Nilidhani washawishi wana sura ya mbweha. Huyu ana sura ya mchungaji.

Ndiye aliyenifundisha kanuni ya chakula. Mbunge akiketi mezani, mshawishi akalipa, hiyo ni zawadi na lazima itangazwe hadharani. Akila amesimama, si zawadi. "Ndiyo maana hapa kila mtu anakula wima," akaniambia. "Utazoea. Nunua viatu vizuri."

Januari 9

Alhamisi. Mke wa Wendell huoka kuchen kila Alhamisi, ile keki ya krimu na matunda ya bibi zetu Wajerumani, naye huipitisha ukumbini kwa sinia. Nimekula ya pichi, nimesimama.

Januari 14

Nimewasilisha muswada wangu. Ni mfupi. Unasema kampuni inayouza kiti chenye mota ni lazima iwape mwenye kiti na fundi wake vipuri, maelekezo, na namba ya siri ya kukifungua.

Maana ugonjwa uko hapo kwenye namba. Orrin, fundi matrekta wa Selvig, alikwenda kwa Arlys siku ile ile kilipozimika. Aliona tatizo ni kidude cha usukani. Lakini hata akipata kingine akakifunga, kiti hakiwaki mpaka kiandikiwe namba, na namba ni ya kampuni peke yake. Kampuni ina mafundi wawili kwa jimbo zima.

Nimempigia Arlys kumwambia muswada umepewa namba.

"Vizuri," akasema. "Angalau mmoja wetu anatembea."

Januari 16

Upepo. Kuchen ya plamu.

Januari 23

Jioni hii wenye benki walitualika, jana wenye hospitali, juzi wenye viwanda vya ethanoli. Nyama ndogondogo kwenye vijiti, nasi tumesimama tukizitafuna kama ng'ombe kwenye hori. Visigino vinawaka moto. Nimejifunza kwamba hakuna anayekuomba kitu. Wanakuuliza habari za ndama, habari za mumeo, wanakumbuka majina. Wendell ameniuliza habari za Arlys, nikamweleza yote, hadi kidonda kilichoanza mgongoni kwa kulala. Macho yake yalilowa.

Nimerudi nikimpenda yule mzee. Naliandika hilo kwa sababu niliahidi kuandika kila kitu.

Januari 30

Arlys: bado. Sehemu ya kiti inatoka ng'ambo, wanasema.

Februari 4

Muswada wangu umesikilizwa na kamati ya Baraza, nyumba yetu ya chini; ya juu ni Seneti. Niliwaeleza habari za Arlys. Nilijiandaa kwa vita. Wendell akasimama na tai yake ya kijivu, akasema: "Mheshimiwa mwenyekiti, sisi hatupingi. Nani atapinga kiti cha mama kama huyo? Tunaomba sentensi moja tu iongezwe, kwa sababu ya mambo ya bima." Karatasi yake ilikuwa nusu ukurasa. Alikuwa amenipa tangu jana.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mheshimiwa Schatz, marekebisho haya ni ya kirafiki kwako?"

Ndivyo wanavyouliza hapa. Mwenye muswada akisema ni ya kirafiki, yanaingia bila mjadala. Akisema siyo, watu wanakunja sura, siku inakuwa ndefu. Na sisi watu wa huku tulilelewa kwamba mtu akikubaliana na wewe humhoji; unashukuru, unamwongezea kahawa.

"Ni ya kirafiki," nikasema.

Umepita kwa kura zote. Je, niliisoma ile sentensi? Niliisoma. Kila neno lake nilikuwa nalijua, moja moja.

Februari 6

Kuchen. Wendell amenipa kipande cha pembeni, chenye krimu nyingi.

Februari 11

Baraza zima limeupitisha, wanne tu wamepinga, na hao hupinga hata sala ya ufunguzi. Watu wamenipigia makofi. Mimi, msusi. Nimempigia Curtis akiwa amezamisha mkono ndani ya ng'ombe anayezaa, akasema, "Hongera mheshimiwa, subiri nivute hapa kwanza."

Arlys akasema, "Nitumie hayo maandishi nisome. Sina kazi nyingine."

Februari 13

Arlys alinipigia wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimesimama na sahani.

"Mwenzangu, una nafasi?"

"Ninayo."

"Muswada wetu ni mzuri sana. Una aya, una namba, kila kitu. Sasa nisaidie hapa. Mimi nimo?"

"Umo wapi?"

"Ndani. Mimi na kiti changu. Tumo au hatumo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Fungua ukurasa wa pili. Wameandika 'kiti kilichonunuliwa na mtumiaji kwa fedha zake mwenyewe, pasipo mchango wa bima.' Umepaona? Kiti changu kina bei ya gari. Nani alikinunua?"

"Bima."

"Na cha yule mtoto wa akina Fischer?"

"Bima."

"Wewe unamjua mtu yeyote katika jimbo hili, hata mmoja, aliyefungua pochi yake akanunua kiti kama hiki?"

Nilifikiri. Niliweka sahani chini nikafikiri kweli.

"Hapana," nikasema.

"Basi mmepitisha sheria kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa. Hongereni sana." Akakata simu.

Nimejifungia chooni nikalia. Nililia kwa aibu, si kwa huruma, bora niseme ukweli. Sikula kuchen leo, lakini hakuna aliyegundua, kwa hiyo haihesabiki.

Februari 14

Nilimkuta Wendell penye ngazi kuu asubuhi, anapanguza theluji kwenye viatu.

"Ile sentensi yako," nikamwambia. "Inamtoa kila mtu nje."

Hakukana. Hilo ndilo lililoniondolea nguvu; nilikuwa nimekuja na maneno ya kumpiga mtu anayekana.

"Dada, nilikupa karatasi siku nzima kabla."

"Ulijua mimi sijui."

"Kila aliyekaa kwenye ile kamati alijua. Mimi nilidhani na wewe unajua, unataka tu ushindi wa kurudi nao nyumbani. Si vibaya. Wengi huanza hivyo." Alisema kwa upole kabisa. "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mwaka wa kesho kutwa unarudi, unaongeza kidogo."

"Hii ni nusu ya nini, Wendell?"

Akanitazama, kisha akashusha sauti. "Rafiki yako bado amelala? Hiyo si haki. Mtu kulala hivyo tangu Krismasi. Hebu niruhusu nipige simu. Fundi anaweza kuwa Selvig Jumatano."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Muswada unakwenda Seneti kama ulivyo, gavana anautia saini, kila mtu anafurahi."

Macho yake yalilowa tena. Naamini kabisa anamhurumia Arlys. Angekuwa anaigiza ningemchukia, nikalala usingizi. Nani huyu ambaye anaweza kumwinua mtu kitandani kwa simu moja, na siku zote hizi hakuipiga?

Februari 16

Nyumbani kwa Jumapili moja. Kuna ndama kwenye beseni la kuogea, Curtis anamkausha kwa ile mashine yangu ya saluni.

Nimekwenda kwa Arlys. Nimemwosha nywele kitandani, kwa beseni na jagi. Zimepungua. Kidonda cha mgongoni ni kikubwa kuliko nilivyodhani, na kina harufu. Nikamweleza yote nikiwa nyuma ya kichwa chake, kama ninavyoongea na wateja, maana usoni nisingeweza.

"Jumatano?" akauliza.

"Jumatano."

"Na mimi nimeambiwa sehemu inatoka ng'ambo."

"Ndiyo."

"Na wenzangu wengine?"

"Wenzako hawamo."

Nakiri kwamba nilikuwa nasubiri aseme neno la kishujaa, linitoe mimi kwenye matope. Alifumba macho, maji yakimtiririka masikioni.

"Mwambie amlete fundi."

Mkono wangu ulisita na jagi.

"Usinyamaze hivyo," akasema. "Wewe umekuja hapa kwa miguu yako. Mimi ninaoza, LaVonne. Nikitaka kuwa shujaa, nitakuwa shujaa nimekaa."

Februari 19

Fundi amefika. Arlys anasema alimaliza kabla kahawa haijapoa. Sehemu ilikuwa ndani ya gari lake.

Februari 20

Kuchen. Wendell alinipa tu kipande cha pembeni. Nimekula. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Sasa najua na mimi nina kipi cha kuliwa. Ni ulimi.

Machi 3

Dhoruba. Barabara kuu imefungwa, tumekwama mjini. Wenye bima walileta supu.

Machi 6

Bado theluji. Kuchen ya jibini.

Machi 7

Curtis anasema Arlys anazunguka mji mzima na kile kiti kama mkaguzi wa afya. Alikwenda kwa Orrin, akaenda kwa akina Fischer, akakaa huko mchana kutwa. Kwangu hajapiga simu. Ningepiga mimi, lakini nitamwambia nini?

Machi 12

Leo wenzangu wananipongeza kwenye ngazi. Muswada wangu utasikilizwa na Seneti wiki ijayo, na kila mtu anasema hauna mpinzani. Mmoja ameniambia nianze kufikiria nguo ya kuvaa siku ya saini, na kwamba gavana hugawa kalamu.

Kisha Curtis akanipigia. Kila nyumba ya Selvig imepokea kadi kwenye sanduku la barua. Ina picha yangu, ile ya kampeni, na maandishi makubwa: "Asante, LaVonne Schatz, kwa kuwatetea walemavu." Chini, kwa herufi za kusoma kwa miwani, jina la chama cha wauza vifaa. Mimi sikuulizwa. Wanaruhusiwa, fedha ni zao, sifa ni zangu, na hakuna sheria inayomkataza mtu kukusifu.

"Umependeza," akasema Curtis. "Lakini nimekutana na Arlys posta. Alikuwa ameishika kadi yake kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya. Akaniuliza kama basi la kanisa, lile lenye lifti, Alhamisi ijayo lina kazi."

Machi 13

Sikusikia hata neno moja la kikao. Kuchen.

Machi 20

Naandika haya kabla sijavua koti.

Chumba cha kamati ya Seneti ni kidogo, kina maseneta saba kwenye meza ya nusu duara. Mwenyekiti ni Duane Rott, nywele zake amezipaka rangi ya viatu. Nilikuwa nimeshaongea na seneta mmoja mmoja juu ya muswada ule wa awali, kabla haujawekewa sentensi, na wanne waliniambia wanaupenda. Mmoja wao, Myron Opp, alinishika mkono kabisa. Lakini hiyo ilikuwa Januari. Leo nilikuwa nimekuja kuuleta ulivyo, nikae kimya, niende zangu.

Nilikuwa nimefika kwenye neno "ahsanteni" mlango ulipofunguliwa, nikasikia ile sauti ya mota. Arlys akaingia, nywele zimechanwa vizuri, amevaa koti la Jumapili. Nyuma yake Curtis, na kofia mkononi.

"Nimechelewa," akasema. "Lifti yenu ni ya mizigo. Naomba kusema."

Rott akamkaribisha kwa tabasamu lote. Alidhani amekuja kushukuru. Wendell, ukutani, alidhani hivyo hivyo. Niliona mabega yake yakishuka kwa raha.

"Naitwa Arlys Brandvold, nafundisha piano Selvig. Nimekuja kutangaza zawadi."

"Mama, mashahidi hawatangazi zawadi," Rott akasema. "Hiyo ni kanuni yetu sisi wabunge."

"Najua, mwanangu. Lakini nyinyi hamna cha kutangaza, maana nasikia mnakula mmesimama."

Chumba kikacheka. Hata Wendell. Arlys akasubiri wamalize, kama anavyomsubiri mtoto amalize kupiga nota zisizo sahihi.

"Mimi siwezi kusimama," akasema. "Kila ninachopewa, napewa nimekaa. Kwa hiyo kwa kanuni zenu, kwangu kila kitu ni zawadi. Sasa sikilizeni zawadi yangu. Nililala kitandani tangu Desemba kwa sababu ya kidude cha ukubwa wa kibiriti. Nikaambiwa hakipo nchini. Siku mheshimiwa wangu alipouliza maana ya sentensi fulani, kidude kikaonekana ndani ya gari la fundi. Sikulipa. Sikupanga foleni. Bei yake ilikuwa yeye anyamaze na mimi ninyamaze, na hakuna aliyeitamka, maana hapa watu wana adabu."

Hakuna aliyecheka tena. Rott alikuwa anazungusha kalamu.

"Na niliipokea. Msinitazame kama malaika. Nilikuwa na kidonda, na hata nyinyi mngeipokea. Lakini mtoto wa akina Fischer, kiti chake nacho kimezimika, yuko kitandani mwezi wa pili sasa, na yeye hana rafiki mbunge. Muswada huu ulivyo haumtibu yeye, haunitibu mimi, hautibu mtu. Mkiupitisha, andikeni basi mmewapitishia waliouandika. Kidude siwezi kukirudisha. Narudisha kile kimya."

Akarudisha kiti nyuma kidogo, kikalia tuut tuut tuut, mtu mmoja akakohoa.

Rott akanigeukia mimi. "Mheshimiwa Schatz, tusaidie kwenda mbele. Marekebisho haya bado ni ya kirafiki kwako?"

Nilimtazama Wendell. Alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni, kama mtu anayemwona jirani akielekea kwenye barafu nyembamba ya ziwani. Niliiona kadi yenye picha yangu. Niliona pia kwamba nikisema siyo, hata huu uliotobolewa sitakuwa nao, nitarudi Selvig mikono mitupu, na kila mtu atauliza makofi yale yalikuwa ya nini. Niliogopa. Nilitaka mtu aniongezee kahawa.

"Hapana, mheshimiwa mwenyekiti," nikasema. "Si ya kirafiki, na hayakuwa tangu mwanzo. Niliyaita rafiki kwa sababu aliyeyaleta alikuwa mwema kwangu. Naomba yaondolewe."

Rott akaomba dakika chache za kunyoosha miguu. Tuliporudi wakapiga kura juu ya muswada wa awali, bila ile sentensi. Watatu ndiyo. Watatu hapana. Kiti cha Myron Opp kilikuwa kitupu, koti lake likining'inia nyuma yake. Hapa wanaita hivyo, kwenda kutembea: mtu hakupingi, hakuungi mkono, anakwenda tu kutembea mpaka kura iishe. Kura zikifungana muswada umekufa. Rott akagonga meza. Ajenda iliyofuata ilikuwa ya nyuki.

Nje, kwenye ukumbi mrefu, Wendell alikuwa na sinia lake. Alhamisi ni Alhamisi.

"LaVonne," akasema, "sisi si maadui." Akaninyooshea kipande cha pembeni.

Kwetu hakuna anayekataa chakula. Unaweza kumnyima mtu kura, unaweza kumnyima binti yako, lakini keki unapokea, hata kama utaitupa nyuma ya nyumba. Nikaiweka mikono mgongoni.

"Hapana, asante."

Uso wake ulibadilika kweli. Kura haikumuumiza, lakini hili lilimuumiza. Nilimhurumia, na bado sikuitoa mikono.

"Mimi nipe," akasema Arlys. "Nimetoka mbali, tena sina kura." Akakila kipande chote, bila haraka, makombo yakimdondokea kwenye koti la Jumapili. Akajifuta mdomo. "Mkeo ana mkono mzuri. Sasa nenda kaitangaze, maana nimekula nimekaa."

Machi 27

Sinia limepita. Halikusimama kwangu.

Aprili 3

Theluji imeyeyuka, mji wote ni matope. Myron Opp ananisalimia sana.

Aprili 10

Curtis amesikia kwamba mtoto wa mwenye duka la dawa atagombea kiti changu, na tayari ana mabango mazuri. Kumbe mabango yanaweza kuchapwa kabla ya mtu kutangaza.

Aprili 17

Tumefunga Bunge. Nimeondoa vitu vyangu. Droo ya chini ilikwama, nikaipiga teke upande wa kushoto.

Aprili 20

Pasaka. Nimerudi kwenye mkasi wangu, na leo nimekaa benchi la pili kanisani nikimsikiliza Arlys akipiga piano. Alipiga kwa nguvu, akakosea mara mbili, hakujali.

Baada ya ibada alikuwa anashuka ule mteremko wa mlangoni, watoto wakimzunguka na mayai yao ya rangi, kiti kikasimama. Taa nyekundu. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Orrin alipiga magoti kwenye matope na suti yake, akafunua kifuniko, akatazama, akasema, "Ni kidude kile kile. Kinataka namba." Kisha akakifunika polepole.

Kampuni ilipokea simu baada ya muziki mrefu. Fundi atakuja. Sehemu inatoka ng'ambo.

Tulikisukuma tukiwa watu sita, kizito kama trekta, breki zikishika na kuachia, hadi nyumbani kwake. Curtis na Orrin wakamwinua wakamlaza. Wakatoka. Nikabaki mimi, sijui pa kuweka mikono yangu, nikamvua viatu.

"Nisamehe," nikasema. "Ningenyamaza, angalau wangekutumia fundi."

"Ungenyamaza nisingekuruhusu unishike nywele tena." Alikuwa anatazama dari. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Wewe una kalamu?"

"Ya nini?"

"Tunauandika upya. Safari hii nausoma mimi kabla hujampelekea mtu mwenye keki."

"Arlys, mpaka Bunge likae tena, huenda mimi si mbunge."

"Basi atakuta umeshaandikwa, huyo atakayekuwa. Anza. 'Kila kiti.'"

Nikatafuta karatasi, nikapata nyuma ya ile kadi yenye picha yangu.

"Kila kiti," nikarudia.

"Hata kiwe kimenunuliwa na nani."

Nikaandika hivyo. Niliandika nimesimama, maana kiti pekee kilichokuwa mle chumbani kilikuwa chake.